Asizikwe Mtu Bila Jina: Jinsi Mabaki ya Binadamu Yanavyotambuliwa

Jumatatu asubuhi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja na kuingia kwenye mtaro wa maji machafu katika mtaa wa Sinai, eneo la Mukuru karibu na barabara ya Lunga Lunga. Wakazi walitoka na ndoo, mitungi na sufuria kuyachota mafuta hayo. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wengine wakiwa ndani ya nyumba zao za mabati, wengine mtoni walikokimbilia kuuzima moto uliokuwa ukiwaka mwilini.

Jamaa waliofika mochari siku zilizofuata walikuta kwamba macho hayawezi kuwasaidia. Miili mingi ilikuwa imeteketea kiasi kwamba mama hangeweza kumtofautisha mwanawe na wa jirani. Ilibidi watoe sampuli za vinasaba, yaani DNA, kisha warudi nyumbani kungoja.

Karibu miaka 13 baadaye, Julai 2024, wakazi wa Kware katika eneo la Mukuru kwa Njenga waliona magunia yakielea kwenye shimo la machimbo ya zamani lililogeuka kuwa jaa la taka. Ndani mlikuwa na miili ya watu, mingine ikiwa imekatwakatwa, mingi ikiwa ya wanawake. Mabaki hayo yalipelekwa Nairobi Funeral Home, ile ambayo wakazi wengi bado huiita City Mortuary. Familia zilizokuwa zikitafuta mabinti, dada na wake zikaanza kufika.

Matukio haya mawili yote yalitokea Eastlands. Yote yaliacha swali lile lile: huyu ni nani? Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi wataalamu wanavyolijibu swali hilo, na jinsi mkazi wa kawaida anavyoweza kuwasaidia.

Kwa nini jina ni muhimu

Kwanza ni heshima ya marehemu na utulivu wa waliobaki. Familia isiyojua kama mtu wao yu hai au amekufa haiwezi kufanya matanga, wala haiwezi kuacha kumngoja.

Pili ni sheria. Bila mwili uliotambuliwa hakuna kibali cha mazishi wala cheti cha kifo. Bila cheti cha kifo, mjane hawezi kufuatilia pesa za benki, malipo ya uzeeni, bima au shamba. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inaruhusu mtu kuchukuliwa kuwa amefariki iwapo hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kusikia habari zake. Miaka saba ni muda mrefu kuliko ule wa mtoto kutoka darasa la kwanza hadi kuanza sekondari ya msingi. Jina linapopatikana mapema, familia huepushwa na kungoja huko.

Tatu ni haki. Mpelelezi asiyejua aliyeuawa ni nani hawezi kujua alionekana wapi mara ya mwisho, alikuwa na nani, wala simu yake iliita nani. Kesi nyingi za mauaji huanzia kwenye jina la marehemu.

Macho hudanganya

Njia ambayo wengi wanaijua ni ya jamaa kuingizwa mochari, shuka kufunuliwa, na kuulizwa, "Ni yeye?" Mtu aliyefariki kitandani jana anaweza kutambuliwa hivyo. Lakini baada ya siku chache kwenye joto au majini, uso huvimba, ngozi hubadilika rangi na nywele hutoka. Isitoshe, jamaa aliyetafuta kwa wiki tatu amechoka na ana hofu. Anaweza kukubali mwili usio wake kwa kutaka tu safari hiyo iishe, au kukataa ulio wake kwa kuwa moyo haujakubali.

Nguo nazo si ushahidi wa kutosha. Jaketi lililotoka kwenye bunda la mitumba Gikomba lina mapacha wake mjini. Vijana huazimana viatu. Kitambulisho kilicho mfukoni kinaweza kuwa cha mtu mwingine, na simu inaweza kuwa imeibwa. Vitu hivi huonyesha pa kuanzia kutafuta, lakini havifungi kesi.

Kosa la aina hii huumiza familia mbili kwa mpigo. Ya kwanza huzika mgeni. Ya pili huendelea kumtafuta mtu ambaye tayari yuko kaburini katika kijiji wasichokijua.

Kazi ya mtaalamu wa mifupa

Mwili ukiwa bado na nyama na viungo vya ndani, uchunguzi huongozwa na mwanapatholojia, daktari anayepasua maiti ili kujua chanzo cha kifo. Mwili ukiwa umebaki mifupa, umeungua au umetawanyika, huhitajika elimu nyingine: anthropolojia ya uchunguzi wa vifo. Huu ni ujuzi wa kusoma mifupa ya binadamu kwa ajili ya polisi, mahakama na familia. Nchini Kenya fani hii bado ni changa, na mara nyingi kazi hufanywa kwa ushirikiano wa wanapatholojia, wataalamu wa anatomia, madaktari wa meno na maafisa wa polisi wa eneo la tukio.

Mtaalamu huyu hujiuliza maswali kwa mpangilio, na kila jibu hufungua mlango wa swali linalofuata.

*Swali la kwanza: Je, huu ni mfupa wa binadamu?* Swali hili si la mzaha. Eastlands ina mifupa mingi isiyo ya watu. Mbuzi huchinjwa Kiamaiko kila siku, nyama huuzwa soko la Burma, na mbwa husambaza mabaki hadi kwenye mitaro na kingo za Mto Nairobi. Mbavu za mbuzi zinaweza kumtisha mpita njia akadhani ni za mtoto. Mtaalamu hutazama umbo la ncha za mfupa, unene wa kuta zake na alama za kisu cha bucha. Mfupa wa paja wa binadamu, kwa mfano, una kichwa cha mviringo chenye shingo ndefu na huelekea ndani unaposhuka kwenye goti, kwa sababu sisi husimama kwa miguu miwili.

*Swali la pili: Ni wa zamani au wa juzi?* Wakati wa kuchimba msingi wa nyumba huweza kupatikana kaburi la miaka mingi. Hali ya mfupa, mabaki ya nguo, vifungo, sarafu na tabaka za udongo husaidia kutenganisha kaburi la kale na kesi ya polisi. Ndiyo maana udongo unaozunguka mifupa una thamani sawa na mifupa yenyewe, na ndiyo maana mtu asiye mtaalamu akichimbua kwa jembe huharibu nusu ya ushahidi.

*Swali la tatu: Ni watu wangapi?* Mtu mzima ana mifupa 206. Mabaki yakichanganyika, mtaalamu huyapanga mezani na kuhesabu mfupa wa aina moja wa upande mmoja. Kila mtu ana fupa moja tu la paja la kushoto. Yakipatikana matatu, basi kuna watu wasiopungua watatu, hata kama mafuvu ni mawili. Pale Kware, ambako kulikuwa na miili na pia vipande vilivyokatwa, hesabu ya namna hii ilikuwa ya lazima kabla ya jambo lingine lolote. Mtu akihesabiwa mara mbili, familia hudhani kuna mwingine asiyejulikana. Wawili wakihesabiwa kama mmoja, mmoja hupotea mara ya pili.

*Swali la nne: Alikuwa mtu wa aina gani?* Hapa hutengenezwa wasifu: jinsia, umri na kimo.

Jinsia huonekana vyema zaidi kwenye nyonga. Nyonga ya mwanamke ni pana, na pembe iliyo chini yake upande wa mbele huwa wazi zaidi, kwa ajili ya kuzaa. Fuvu pia hutoa dokezo: nyusi zilizotokeza na taya nene huelekeza kwa mwanamume, ingawa si kila mara. Kwa mtoto ambaye hajabalehe, mifupa haitoi jibu la uhakika, na mtaalamu mwaminifu huandika "haijulikani".

Umri wa mtoto husomwa kwenye meno. Gego la kwanza la utu uzima huota akiwa na takriban miaka 6, la pili miaka 12, na la mwisho kati ya miaka 17 na 25. Kwa vijana hutazamwa ncha za mifupa mirefu, ambazo huwa zimetengana na shina kwa gegedu hadi kukua kukome. Ncha ya mtulinga iliyo karibu na koo ndiyo huchelewa kuungana kuliko zote, mara nyingi mpaka mtu akaribie miaka 30. Baada ya hapo mifupa haikui tena, huchakaa, na makadirio hupanuka. Mtoto anaweza kukadiriwa kwa tofauti ya mwaka mmoja au miwili. Mtu mzima huandikwa "kati ya miaka 35 na 55".

Kimo hukadiriwa kwa kupima mifupa mirefu. Fupa la paja ni kama asilimia 27 ya urefu wa mtu. Fupa lenye sentimita 45 huelekeza kwa mtu wa sentimita 168 hivi, na mtaalamu huongeza na kupunguza sentimita kadhaa. Lakini watu wa jamii mbalimbali hawana uwiano ule ule wa miguu na kiwiliwili. Mwaka 1961, mwana-anatomia David Allbrook alichapisha hesabu za kimo za wanaume wa Uingereza na wa Afrika Mashariki, kwa sababu kanuni iliyotungwa kwa watu wa kwingine ingeweza kumrefusha au kumfupisha Mwafrika Mashariki.

Somo la kuwa mwangalifu liko hapa hapa nchini. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aligundua karibu na Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mifupa ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Wataalamu walipoyatazama meno yake, walimwona mtoto wa miaka kama 8. Walipokitazama kimo chake, cha karibu sentimita 160, kilifanana na cha kijana aliyezidi miaka 12. Mabishano hayo yalifundisha kwamba mfupa hausemi umri wenyewe. Husema tu umefikia hatua gani ya kukua, na hatua hiyo lazima ilinganishwe na watu wa aina yake.

*Swali la tano: Maisha na kifo vimeacha alama gani?* Mkono uliovunjika utotoni ukapona huacha uvimbe mdogo kwenye mfupa. Ufa ulioanza kupona unaonyesha kwamba mtu aliumia kisha akaishi wiki kadhaa. Ufa usio na dalili yoyote ya kupona, wenye kingo kali, huenda ulitokea karibu na kifo. Uliovunjika miaka mingi baadaye, kwa mfano kwa jembe la mchimbaji, huonyesha rangi nyeupe ndani huku nje kukiwa na rangi ya udongo. Tofauti hizi ndizo humsaidia hakimu kujua kama kulikuwa na kipigo, ajali au uharibifu wa baadaye tu.

Kutoka wasifu hadi jina

Hadi hapa mtaalamu anaweza kusema: "Ni mwanamke, kati ya miaka 20 na 28, kimo takriban sentimita 160, aliwahi kuvunjika mkono wa kushoto." Hilo si jina bado. Wanawake wa namna hiyo ni wengi kutoka Kayole hadi Kariobangi. Wasifu hupunguza orodha. Uthibitisho hutoka kwingine.

Kanuni zinazofuatwa na polisi wa nchi nyingi kupitia INTERPOL zinatambua njia tatu kuu za uthibitisho: alama za vidole, meno na DNA. Nyingine zote, kama vile nguo, vito, makovu, michoro ya mwilini na maelezo ya jamaa, huchukuliwa kuwa za kusaidia.

Alama za vidole ndizo njia ya haraka zaidi kwa Wakenya walio na vitambulisho, kwa sababu kila anayesajiliwa akifikisha miaka 18 huacha alama zake. Ngozi ya vidole ikiwa bado ipo, polisi huzichukua na kuzilinganisha na zilizohifadhiwa na serikali. Njia hii haina msaada kwa watoto, kwa wageni wasiosajiliwa, wala kwa waliobaki mifupa.

Meno ni magumu kuliko mfupa wowote na hustahimili moto. Mashavu na ulimi huyakinga kwa muda. Shida ni kwamba yanahitaji kulinganishwa na kumbukumbu: kadi ya daktari wa meno au picha ya eksirei. Wakazi wengi hawajawahi kuwa nazo. Hata hivyo, picha ya simu ya mtu akicheka, inayoonyesha mwanya, jino lililokatika au lililopandiana, imewasaidia wataalamu sehemu nyingi duniani.

Njia ya tatu ni DNA. Mwaka 1984, Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, aligundua namna ya kuwatofautisha watu kwa vinasaba vyao. Mwaka huo huo, nchini Argentina, vijana waliofundishwa na Mmarekani Clyde Snow walianza kuwafukua na kuwatambua watu waliotoweshwa na serikali ya kijeshi kati ya 1976 na 1983. Msukumo mkubwa ulitoka kwa mama na bibi waliokataa kuacha kuuliza watu wao wako wapi.

Kila mtu hupata nusu ya DNA yake kwa mama na nusu kwa baba. Kwa hiyo sampuli bora ni za mzazi au mtoto wa kuzaa. Ndugu wa baba na mama mmoja pia hufaa, hasa wakiwa zaidi ya mmoja. Mke au mume hafai kwa kulinganisha, kwa kuwa hana damu moja na marehemu. Lakini ndiye anayeweza kuleta mswaki au kichana chake. Ipo pia DNA inayorithiwa kwa mama peke yake, ambayo hudumu vizuri zaidi kwenye mifupa ya zamani. Kwa hiyo mjomba, ndugu wa mama, anaweza kusaidia pale ambapo baba mdogo hawezi.

DNA nayo ina mipaka. Moto mkali hubadilisha mfupa kutoka mweusi hadi wa kijivu na mwishowe mweupe kama chaki. Mfupa uliofikia weupe huo kwa kawaida hauna vinasaba vya kusomeka. Mtaalamu anayejua rangi hizi huchagua kipande sahihi cha kupeleka maabara, kama vile mzizi wa gego uliokingwa ndani ya taya. Tena DNA haitaji jina peke yake. Inahitaji jamaa wa kulinganishwa naye. Katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kuanzia Aprili 2023. Ya kwanza kukabidhiwa familia baada ya vipimo ilitolewa Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Jamaa asipojitokeza kutoa sampuli, hata maabara bora duniani haina la kusema.

Zoezi: gunia moja, ripoti nne

Mfano huu ni wa kubuni, umetungwa kwa ajili ya kujifunza.

Mifupa imepatikana karibu na mto. Mezani kuna fuvu moja, nyonga moja iliyo pana, mafupa mawili ya paja ya kushoto na moja la kulia. Fupa moja la kushoto ni fupi na ncha zake hazijaungana. Mengine mawili yanafanana, yana sentimita 43 na ncha zake zimeungana. Gego la mwisho limeota. Ncha ya mtulinga iliyo karibu na koo bado haijaungana kabisa.

Hatua ya kwanza ni idadi: mapaja mawili ya kushoto ni watu wasiopungua wawili. Mmoja ni mtoto au kijana mdogo. Wa pili ni mwanamke, ikiwa nyonga na mapaja makubwa ni vya mtu mmoja. Gego la mwisho limeota na mtulinga haujaungana, hivyo ana takriban miaka 18 hadi 28. Kimo chake ni kama sentimita 160.

Polisi wana ripoti nne za waliopotea: mwanamke wa miaka 41, mwanamume wa miaka 22, mwanamke wa miaka 24 aliyekuwa na mtoto wa miaka 9, na mwanamke wa miaka 20 aliyekuwa mrefu kuliko kaka zake wote.

Wa kwanza anaondolewa kwa umri. Wa pili anaondolewa kwa jinsia. Wa nne hafanani kwa kimo, lakini urefu unaotajwa na jamaa huwa ni wa kukisia, kwa hiyo jina lake linawekwa kando tu, halifutwi. Wa tatu anafaa, na mtoto anafaa pia. Je, tuiite familia ije kuchukua miili?

La. Hapa ndipo makosa hufanyika. Kufaa si kuthibitika. Sampuli za mifupa zitalinganishwa na za wazazi wa mwanamke huyo, na za baba wa mtoto. Mifupa ya hao wawili itapimwa pia ili kuona kama kweli ni mama na mwana. Majibu yakikubaliana ndipo jina huandikwa.

Wasiotambuliwa huishia wapi

Mochari za umma haziwezi kuhifadhi miili milele. Chini ya sheria ya afya ya umma, miili isiyodaiwa hutangazwa, wananchi wakapewa muda wa kuja kuitambua, na baada ya hapo kibali cha mahakama hutafutwa ili izikwe. Kila orodha kama hiyo ina mtu aliyekuwa na mama mahali fulani. Mara nyingi familia iko ushago na haijui kwamba mtu wao aliyekuja Nairobi kutafuta kazi alipata ajali Jogoo Road bila kitambulisho mfukoni.

Mkazi afanye nini

*Mtu wako asipoonekana:*

1. Piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu mara moja na uchukue nambari ya OB. Hakuna sheria inayokutaka ungoje saa 24.
2. Eleza mambo yanayodumu: umri, kimo, mifupa iliyowahi kuvunjika, upasuaji, vyuma vilivyowekwa hospitalini, meno yaliyong'olewa, makovu na michoro. Rangi ya shati peke yake haitoshi.
3. Tafuta picha zake za karibuni, ikiwemo moja akicheka, na nakala ya kitambulisho.
4. Hifadhi mswaki, kichana au wembe wake. Uache ukauke kivulini, kisha uutie kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki hutunza unyevu, na unyevu huoza ushahidi. Usimwachie mtu mwingine autumie.
5. Uliza hospitali, kisha mochari, ukiwa na mwenzako. Usiende peke yako.
6. Shirika la Msalaba Mwekundu husaidia familia zilizotengana na jamaa zao. Nambari yake ya dharura ni 1199.
7. Mtu akirejea salama, rudi kituoni ukafute ripoti. Ripoti zisizofungwa huwachelewesha wengine.

*Ukikuta mifupa au mwili:*

1. Simama hapo ulipo. Usiguse, usifukue, usifunike kwa mchanga.
2. Piga 999 au 112, au mwarifu chifu au mzee wa nyumba kumi ili awaite polisi.
3. Zuia watoto na mbwa wasifike. Kumbuka kwamba mbwa anaweza kubeba kipande kimoja chenye jibu lote.
4. Usipige picha za kusambaza. Huenda mama yake akaiona kwenye simu kabla ya kuambiwa na mtu yeyote.
5. Usiseme "ni mfupa wa mbuzi tu" ukaondoka. Waache wenye ujuzi waamue.

*Ukiombwa sampuli ya DNA:* Kwa kawaida hupanguswa ndani ya shavu kwa pamba safi, na haiumi. Watoe wazazi na watoto wa marehemu kwanza. Ikiwa kuna siri ya uzazi katika familia, kwa mfano mtoto aliyelelewa na asiye baba wa damu, mweleze afisa faraghani. Siri ikifichwa, vipimo vinaweza kukataa mwili ulio wenu.

Usikubali pia kuharakishwa wala kuharakisha. Familia inayongoja majibu huonewa haraka na jamii: majirani wamechanga, gari limekodiwa, kaburi limechimbwa. Kungoja huko kunagharimu na kunauma. Lakini kaburi likishafunikwa, kurekebisha kosa kunahitaji amri ya mahakama na majonzi mapya kwa nyumba mbili.

Jipime

Je, unaweza kujibu maswali haya bila kurudi juu? Kwa nini kitambulisho kilichokutwa mfukoni hakitoshi? Mafupa matano ya paja ya kulia yana maana ya watu wangapi kwa uchache? Nani anafaa zaidi kutoa sampuli, mke au mwana? Na nyumbani kwako, iwapo mmoja wenu hataonekana usiku wa leo, je, kuna anayejua mkono upi aliwahi kuvunjika?

Familia ianze na hilo la mwisho leo jioni, mezani, watu wote wakiwepo. Mwandike kwenye karatasi moja, muiweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa, na muombe isije ikahitajika.